Gharika ya Noe: ilifunika dunia nzima ao inchi moja tu?

Kati ya maswali ambayo vijana wa masomo wanawauliza wakatekista wetu, hili halikosi: je, maji ya gharika yalifunika dunia nzima, hata vilele vya Ruwenzori, ao yalifunika inchi moja tu, kule kati ya mito Tigri na Eufrati? Wengine hujibu mbio: «Yalifunika yote, kwa kuwa imeandikwa.» Wengine, waliosoma zaidi kidogo, hujibu mbio vilevile: «Yalikuwa mafuriko ya inchi moja tu, wenye elimu wamekwisha kuona matope yake.»

Katika makala hii tunataka kupima majibu hayo mawili. Tuseme wazi tangu mwanzo: jibu la kwanza haliwezi kusimama. Jibu la pili liko karibu zaidi na mambo yaliyotokea katika inchi, lakini linaacha kando neno ambalo Kitabu chenyewe kinataka kutuambia. Wala tusidhani kwamba ni mashindano ya wenye elimu tu. Anayejibu vibaya hapa aweza kumpotezea kijana imani yake. Tena, jambo lililo zito zaidi, aweza kusema kwa jina la Mungu, mbele ya watu wenye msiba, maneno ambayo Mungu hakusema.

I. Maneno ya Kitabu

Tusome kwanza sura za 6 mpaka 9 za Kitabu cha Mwanzo, polepole, bila kutafuta lolote la kuzitetea. Maneno ni makubwa. Kila chenye mwili kitakufa. Milima yote mirefu iliyo chini ya mbingu yote inafunikwa, na maji yanapanda mikono 15 juu yake (Mw. 7, 19-20). Wanabaki Noe peke yake na walio pamoja naye katika safina. Mtu akisoma hayo na kusema kwamba mwandishi alifikiri juu ya bonde moja tu, anamlazimisha mwandishi.

Lakini tuangalie pia namna watu wa Biblia wanavyosema. Neno la Kiebrania linalotafsiriwa «dunia» ni erets. Neno hilo lina maana ya dunia, lakini pia lina maana ya inchi, na hata udongo. Sisi tunaosema Kiswahili cha Kongo tunalielewa upesi, kwa kuwa neno letu «inchi» lafanya kazi hizo zote. Tena neno «yote» halina kipimo cha hesabu katika kinywa cha watu hao. Wakati wa njaa, dunia yote ilikwenda Misri kununua ngano kwa Yozefu (Mw. 41, 57), hakuna anayefikiri kwamba watu wa Amerika walikwenda pia. Nzige walifunika uso wa inchi yote (Kut. 10, 15), yaani Misri. Siku ya Pentekoste walikuwako Yeruzalemu watu wa kila taifa lililo chini ya mbingu (Mdo. 2, 5), na mara Luka anataja majina ya mataifa yale, nayo hayafiki hata 20. Ni kama sisi tunaposema: «Kijiji kizima kimekuja kwenye kilio.» Mzee aliyebaki nyumbani na homa hatashitaki kwamba tumesema uongo.

Basi, lugha peke yake haitoshi kuamua. Mtu wa jibu la kwanza asidai kwamba neno «yote» limekwisha kumaliza shauri. Lakini mtu wa jibu la pili naye asidai kwamba neno hilo limempa ushindi, kwa kuwa katika habari ya gharika «yote» halikutajwa mara moja kwa kupita. Linarudiwa kama ngoma, sura nzima. Lazima tutafute sababu ya ngoma hiyo.

II. Wanaosema: dunia nzima

Mwaka 1961, huko Marekani, Waprotestanti wawili, John Whitcomb, mwalimu wa Agano la Kale, na Henry Morris, mhandisi wa maji, walitoa kitabu The Genesis Flood. Walisema kwamba gharika ilifunika dunia yote, na kwamba matabaka mengi ya mawe yenye mifupa ya nyama wa kale yaliwekwa na maji yale katika mwaka mmoja. Kabla yao, mwaka 1923, Mwadventista George McCready Price alikuwa amekwisha kufundisha mambo ya jamii hiyo. Kitabu cha mwaka 1961 kilisomwa sana, na mpaka leo wengi wanaohubiri gharika ya dunia nzima wanachota humo, hata kama hawajui jina lake.

Tuwape waandishi hao haki yao. Walitaka kulitii Neno la Mungu, na waliona kwamba maneno ya Kitabu ni makubwa. Hata hivyo, hoja yao inaanguka, na inaanguka fasi nyingi.

Kwanza, maji. Kilele cha Ruwenzori kina metri 5.109. Ili bahari ipande mpaka pale, lazima maji yaongezeke karibu mara mbili ya maji yote ya bahari zilizoko leo. Na kwa kufunika mlima Everest, zaidi ya mara tatu. Yalitoka wapi, na kisha yalikwenda wapi? Mvuke wote ulio hewani ukianguka siku moja, haungefanya hata sentimetri tatu za maji juu ya uso wa dunia. Mtu akijibu kwamba Mungu aliyaumba na kisha akayaondoa, hatubishi kwamba Mungu anaweza. Lakini Kitabu hakisemi hivyo: kinasema kwamba maji yalitoka katika chemchemi za vilindi na madirisha ya mbingu, kisha upepo ukapita, yakapungua. Anayeongeza miujiza ambayo Kitabu hakikuitaja hatetei tena Kitabu; anatetea maelezo yake mwenyewe.

Pili, viumbe. Katika Ziwa la Tanganyika kuna aina zaidi ya 200 za samaki ambazo hazionekani fasi nyingine yoyote duniani. Ziwa hilo lina umri wa mamilioni ya miaka. Kama maji ya chumvi ya bahari yangalilifunika na kuchanganyika nalo, samaki hao wangalikufa. Na hakuna aliyesema kwamba Noe aliweka mitungi ya samaki katika safina. Okapi anaishi katika misitu ya Kongo yetu tu. Alitoka Ararati kwa njia gani, akavuka majangwa, wala hakuacha uzao fasi nyingine? Swali hili si la wakana-Mungu wa siku hizi. Mtakatifu Agostino mwenyewe aliliona. Katika kitabu chake juu ya Mji wa Mungu (XVI, 7), anajiuliza namna nyama wa pori walivyofika katika visiwa vya mbali, na anajaribu majibu mbalimbali: labda waliogelea, labda watu waliwapeleka, labda malaika kwa amri ya Mungu. Basi swali hili ni la zamani sana katika Eklezia, na kuliuliza si dhambi.

Tatu, ardhi yenyewe. Katika barafu nene ya Groenland wataalamu wamehesabu matabaka ya mwaka kwa mwaka, miaka makumi ya maelfu, kama mtu anavyohesabu miviringo katika shina la mti. Kama bahari ingalipanda juu ya barafu hiyo, ingaliielea na kuivunja. Haikuvunjika.

Hapa tukumbuke onyo la Agostino katika maelezo yake ya Kitabu cha Mwanzo (De Genesi ad litteram, I, 19). Anasema kwamba ni aibu na hatari Mkristu kusema upuzi juu ya mbingu na inchi, akidai kwamba Maandiko yanasema hivyo, mbele ya mpagani anayeyajua mambo yale kwa hakika. Maana mpagani atacheka. Na baada ya kucheka, atawezaje kutuamini tunapomwambia habari za ufufuko wa wafu na uzima wa milele? Kijana wetu aliyesoma jeolojia katika Chuo Kikuu ndiye huyo leo. Tukimfunga Kristu pamoja na maji yaliyofunika Everest, siku ile atakapoyaacha maji, atamwacha na Kristu.

III. Wanaosema: inchi moja

Jibu la pili nalo lina umri. Mwaka 1659, Mholanzi Isaac Vossius aliandika kwamba haikuwa lazima maji yafunike inchi ambazo watu walikuwa bado hawajafika. Baadaye vitabu vya masomo vya seminari viligawanya fikira katika mafungu matatu: gharika ya dunia yote, gharika iliyofunika inchi zenye watu tu, ikaua watu wote isipokuwa Noe na jamaa yake, na gharika ya fasi moja, iliyoua sehemu tu ya watu.

Fungu la katikati lilipendwa na wengi, kwa kuwa lilionekana kuokoa vyote viwili, elimu na Kitabu. Lakini leo haliwezi kusaidia. Pale Ishango, kwenye Ziwa la Edward, fasi mto Semliki unapotoka, Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimba tangu mwaka 1950, akaona alama za wavuvi walioishi pale miaka kama 20.000 iliyopita. Wakati huo watu walikuwa wamekwisha kufika hata Australia. Basi gharika iliyoua watu wote ingalipaswa kufika kila bara, na hapo tunarudi katika shida zote za jibu la kwanza.

Linabaki fungu la tatu. Hili linategemea hasa uchimbaji wa Mezopotamia. Mwaka 1929, Mwingereza Leonard Woolley, alipokuwa akichimba Ur, mji ambao wengi wanafikiri ndio wa Abrahamu, aliona tabaka la udongo safi ulioletwa na maji, nene zaidi ya metri mbili, na chini yake alama za watu wa kale zaidi. Habari ikaenea duniani kwamba gharika ya Noe imeonekana. Lakini wachimbaji wengine waliona matabaka ya namna hiyo katika miji ya Kish na Shuruppak, nayo si ya wakati mmoja na lile la Ur. Tena katika Eridu, mji usio mbali na Ur, tabaka hilo halikuonekana. Maana yake ni nini? Ni kwamba Tigri na Eufrati zilifurika mara nyingi, leo hapa, kesho kule, na mafuriko mengine yalikuwa makali sana. Mwaka 1997, Wamarekani William Ryan na Walter Pitman walileta fikira nyingine: kwamba miaka kama 7.500 iliyopita bahari ya Mediteranea ilivunja kizuizi chake na kumiminika katika Bahari Nyeusi. Wataalamu wengine waliwapinga, wakisema kwamba maji yale hayakupanda kwa kishindo hivyo.

Sisi tunakubali kwamba habari ya gharika ilizaliwa katika inchi ya mafuriko. Inchi ya Palestina ni ya vilima; haina mto mkubwa wa kufunika miji. Habari ya namna hiyo lazima ilitoka bonde la mito mikubwa, na Kitabu chenyewe kinasema kwamba mababu wa Izraeli walitoka kule. Tena, milima ya Ararati inayotajwa ni inchi ya milima ya upande wa kaskazini, kama watu wa Mezopotamia walivyoijua. Kitabu hakisemi kilele kile kimoja tunachokiita Ararati leo.

Lakini wanaosema «inchi moja» na kuishia pale, tuwaulize maswali matatu. Kama maji yalikuwa ya bonde moja, kwa nini Noe alijenga safina ya mikono 300, wala hakuambiwa tu: «Ondoka, panda mlimani», kama Loti alivyoambiwa siku ya Sodoma? Kwa nini ndege waingizwe katika safina, wao wanaoweza kuruka mpaka inchi ya jirani? Na lililo zito kupita yote: Mungu aliahidi kwamba gharika haitarudi tena kuharibu inchi (Mw. 9, 11). Kama gharika ilikuwa mafuriko ya bonde moja, basi ahadi ile imevunjwa mara elfu, kwa kuwa mabonde yanafurika kila mwaka. Anayepunguza gharika anapunguza na agano. Hapa ndipo tunaona kwamba jibu la pili, pamoja na akili zake zote, linasoma udongo vizuri kuliko linavyosoma Kitabu.

IV. Fundisho la Eklezia

Kabla ya kuendelea tuangalie mipaka ambayo Mama Eklezia ametuwekea. Mwaka 1943, katika barua Divino afflante Spiritu, Baba Mtakatifu Pio XII aliwaagiza wafafanuzi watafute namna ya kusema na kuandika ya watu wa kale wa Mashariki, wasiwapime kwa namna zetu. Tarehe 16 Januari 1948, Tume ya Papa ya Biblia ilimwandikia Kardinali Suhard, Askofu mkuu wa Paris, kwamba sura 11 za kwanza za Kitabu cha Mwanzo haziingii katika aina zetu za maandishi. Kwa hiyo haifai kukubali ao kukana historia yake yote kwa pamoja. Zinaeleza kwa lugha nyepesi na ya mifano kweli zilizo msingi wa wokovu wetu. Mwaka 1950, katika Humani generis, Pio XII alionya upande wa pili: sura hizo ni za historia kwa maana ya kweli, hata kama si kwa namna ya waandishi wa Kigriki na wa Kilatini, wala zisiwekwe sawa na hadithi za miungu. Mwisho, mwaka 1965, Konsili ya pili ya Vatikano, katika Dei Verbum, ilifundisha kwamba Maandiko yanafundisha bila kosa ile kweli ambayo Mungu alitaka iandikwe kwa ajili ya wokovu wetu.

Hakuna hata moja kati ya mafundisho hayo linalotulazimisha kushika gharika ya dunia nzima. Wala hakuna linaloturuhusu kusema kwamba ni hadithi ya watoto tu.

V. Neno ambalo mwandishi alitaka kulisema

Sasa turudi kwenye ngoma ile ya neno «yote». Ili tuisikie, yafaa tuiweke habari ya Noe karibu na mbili nyingine.

Ya kwanza ni ile ya Babiloni. Tarehe 3 Desemba 1872, huko London, George Smith alisoma mbele ya watu tafsiri ya kibao cha udongo kilichotoka Ninive. Ndani yake mtu aitwaye Utnapishtim anaagizwa kujenga chombo, anaingiza jamaa na nyama, mvua kubwa inanyesha, chombo kinakwama mlimani, anatuma ndege watatu, kisha anatoa sadaka. Ni habari ndugu na yetu, nayo ni ya zamani zaidi. Wengine walifurahi wakisema: «Biblia imeiba.» Wengine walitetemeka. Hakuna sababu ya kufurahi wala ya kutetemeka. Tuangalie tofauti. Katika masimulizi ya Atrahasis, yaliyo ndugu na yale, mungu Enlil analeta gharika kwa sababu kelele za watu zimemzuia kulala. Miungu wenyewe wanaogopa maji, na baadaye, kwa njaa, wanaikimbilia sadaka. Katika Kitabu chetu Mungu ni mmoja, sababu si kelele ila udhalimu uliojaa katika inchi (Mw. 6, 11), naye haogopi wala haoni njaa, bali moyo wake unahuzunika (6, 6). Mwandishi mtakatifu alichukua habari ambayo kila mtu wa Mashariki aliijua, akaitumia kumwonyesha Mungu wa kweli. Mhubiri mwema kati yetu hafanyi vingine anapochukua methali ya wazee na kuitia mwanga wa Injili.

Habari ya pili ni ile ya uumbaji, sura ya kwanza ya Kitabu kilekile. Pale Mungu alitenga maji ya juu na maji ya chini. Katika gharika madirisha ya juu na vilindi vya chini vinafunguka, na maji yanakutana tena. Pale Roho, ao upepo, wa Mungu ulikuwa juu ya maji. Hapa Mungu anapitisha upepo juu ya maji (8, 1). Pale inchi kavu ilionekana. Hapa inaonekana tena. Pale mtu alibarikiwa ili azae na kuijaza inchi. Hapa Noe anapewa baraka ileile (9, 1). Basi mwandishi anaonyesha uumbaji ukibomolewa na kujengwa upya. Ndiyo maana neno «yote» linapigwa na kupigwa. Halitaji kilometri. Linasema kwamba dhambi ya mtu haibomoi kijiji chake tu, inavuruga kazi yote ya Mungu. Na kwamba hakuna kitu kinachosimama kama Mungu hakishiki.

Wafafanuzi wameona pia kwamba mapokeo mawili yameunganishwa hapa. Fasi moja nyama wanaingia wawili wawili (6, 19), fasi nyingine nyama safi wanaingia saba saba (7, 2). Fasi moja mvua inanyesha siku 40 (7, 12), fasi nyingine maji yanashika inchi siku 150 (7, 24). Aliyeunganisha mapokeo hayo alikuwa na macho kama sisi, akaona kwamba hesabu hazilingani, wala hakuzisawazisha. Mtu anayeandika taarifa ya mvua angalisahihisha. Yeye aliona kwamba mapokeo yote mawili yalishuhudia neno moja, akayahifadhi yote kwa heshima.

Na neno hilo liko wapi? Tulinganishe mstari wa 6, 5 na ule wa 8, 21. Kabla ya gharika, Mungu anaona kwamba mawazo ya moyo wa mtu ni mabaya tu, kwa hiyo anaamua kufuta. Baada ya gharika, anasema kwamba mawazo ya moyo wa mtu ni mabaya tangu ujana wake, kwa hiyo hatalaani inchi tena. Sababu ni ileile, hukumu ni kinyume! Maji hayakuutakasa moyo wa mtu; Noe mwenyewe analewa muda kidogo baadaye. Kilichobadilika ni kwamba Mungu amejifunga kwa neno lake kuwavumilia wakosefu. Naye anaweka upinde wake mawinguni. Kwa Kiebrania, kama kwa Kiswahili, upinde wa mvua na upinde wa vita vinaitwa kwa neno moja: shujaa ametundika silaha yake. Agano hilo ni pamoja na kila chenye mwili, nalo ndilo la dunia nzima kweli.

Kwa hiyo, swali letu «dunia nzima ao inchi moja?» ni swali letu sisi, watu wenye ramani. Mwandishi hakuwa na ramani ile. Tukimwuliza historia, anatupa ukumbusho wa mafuriko makali ya bonde la Mezopotamia. Tukimwuliza fundisho, anatupa neno juu ya watu wote na viumbe vyote.

VI. Shida mbili

Mtu atasema: «Bwana wetu Yezu Kristu mwenyewe alitaja gharika, basi alishuhudia kwamba ilikuwa ya dunia nzima.» Tusome Luka 17, 26-30. Bwana anataja siku za Noe, na mara moja anataja siku za Loti. Sodoma haukuwa dunia nzima. Kama kipimo cha maji kingalikuwa fundisho lake, asingaliweka mji mmoja karibu nayo. Anachofundisha ni kwamba watu walikuwa wakila, wakinywa, wakioa, wala hawakujali, mpaka siku ikawafikia. Onyo hilo halihitaji jeolojia yoyote.

Mwingine atasema: «Petro anaandika kwamba ulimwengu wa wakati ule uliangamia kwa maji (2 Petro 3, 6).» Ni kweli. Lakini katika sura ya pili ya barua ileile anaeleza ni ulimwengu gani: ulimwengu wa waovu (2, 5), na hapo naye anataja Sodoma na Gomora. Tena katika barua ya kwanza (3, 20-21) haendi kupima maji, bali anasema kwamba yalikuwa mfano wa ubatizo unaotuokoa sasa. Anayebatizwa katika bakuli dogo la misioni ya mbali anazaliwa upya sawasawa na aliyebatizwa katika Yordani.

VII. Kwa wanaohubiri

Tarehe 4 Mei 2023, katika eneo la Kalehe, mvua kubwa ilijaza mito, na vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, kando ya Ziwa la Kivu, vikafagiliwa na maji na mawe. Watu zaidi ya 400 walikufa. Miaka mitatu mbele, mwezi wa Aprili 2020, Uvira iliona msiba wake. Kila msiba wa namna hiyo ukifika, hatukosi kusikia sauti inayosema: «Ni kama siku za Noe, Mungu amewaadhibu.»

Hapa ndipo makosa ya kusoma yanakuwa makosa ya roho. Mtu anayesema hivyo ameshika nusu ya kwanza ya habari, akatupa nusu ya pili. Mwisho wa habari ya Noe ni Mungu aliyeahidi, kwa agano, kwamba maji hayatakuwa tena fimbo yake ya kuharibu wenye mwili. Mwenye kumwona Mungu akipiga kijiji kwa maji, ndiye anayemfanya avunje agano. Na kama hilo halitoshi, tumsikilize Bwana mwenyewe juu ya watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloe: aliuliza kama walikuwa wakosefu kuliko wengine wa Yeruzalemu, akajibu kwamba sivyo (Luka 13, 4-5). Mito inafurika kwa sababu zake: mvua, miteremko mikali, miti iliyokatwa, nyumba zilizojengwa karibu mno na maji. Sababu hizo zafaa tuzifundishe pia; Noe naye alisifiwa kwa kuwa alichonga mbao mapema, kabla ya mvua.

Basi, ndugu mkatekista, kijana akikuuliza, usimfukuze wala usimtupie neno la Kizungu ili anyamaze. Mwambie hivi: maji hayakufunika Ruwenzori, wala imani yetu haikudai hivyo. Watu wa kale waliona mafuriko ya kutisha, wakayakumbuka vizazi na vizazi. Na Roho Mtakatifu alitumia ukumbusho huo kutufundisha kwamba dhambi inaharibu yote, kwamba Mungu anachukizwa na udhalimu, kwamba anamwokoa anayemsikiliza, na kwamba ametundika upinde wake. Kisha mpeleke kwenye kisima cha ubatizo, umwonyeshe maji ambayo habari ile ilikuwa ikiyangojea.